Upande Uliobaki Mweupe

Mimi Hesbon ni mlinzi tu wa jengo hapa Satwa, Dubai, lakini usinione hivi: nilifundisha hesabu Kisii miaka kumi na mmoja. Hilo nilimwambia kila mtu, hata asiyeuliza.

Bi Saleha, Mzanzibari mwenye duka la kushona chini ya jengo letu, akanishika neno. Binti yake Kawthar alikuwa amefeli mara mbili mtihani wa Kimarekani wa kuingia chuo. Chuo kilimpa nafasi ya mwisho. Akikosa tena, khalas, maisha yake ni cherehani. Basi kila Ijumaa nikitoka kazini nilimfundisha pale pale, kwenye meza ya kukatia vitambaa.

Binti ana akili, jamani! Kilichomsumbua ni zile hesabu za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko": unachora mistari miwili kwenye grafu, unatia kivuli, unatafuta eneo la jawabu. Nikamwonyesha tunavyofanya Kenya. Unatia kivuli upande usioutaka. Panapobaki peupe ndipo penye jawabu.

Akafungua kitabu chake cha matayarisho. "Mwalimu, mbona hapa wametia kivuli kwenye jawabu lenyewe?"

Nikapandwa na hasira. "Kitabu kimekosea! Kati yangu na hicho kitabu, nani mwalimu?"

"Wewe, Mwalimu," akasema, akafuta kazi yake yote kwa raba.

Mdomo huponza kichwa, wasema watu. Wangu uliponza kichwa cha mtoto wa watu.

Matokeo yalitoka Jumanne. Kawthar alipata karibu kila swali, isipokuwa maswali ya grafu zenye kivuli. Hayo aliyakosa yote, na ndiyo yaliyomnyima chuo. Nikachukua kile kitabu, nikasoma maelezo ya mwanzo ambayo sikuwahi kujisumbua kuyasoma: eneo lenye kivuli ndilo jawabu. Wamarekani hutia kivuli wanapopataka. Nikakifunga.

Bi Saleha alikuwa keshamwekea binti yake cherehani karibu na yake. "Ndiyo riziki yake, Mwalimu. Tunashukuru kwa jitihada zako."

Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilitaka.

Kawthar akanisogelea, macho yamemvimba. "Niwie radhi, Mwalimu. Ulinifundisha vizuri, mimi nikakutia aibu."

"Usijali, mwanangu," nikamwambia. "Nimekusamehe."