Pua Iliyokataa Kukauka

Fundi wa mageti alifika kituo cha dawa saa nne asubuhi, pua ikimchuruzika kama bomba bovu. Miezi kumi na moja hakuwa amegusa unga wa kulevya. Kila siku alikunywa kikombe chake cha methadoni, dawa ya kumwachisha unga, hapa, kisha akaenda kuchomelea vyuma. Lakini jana barabara ilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa mlipuko, askari wakamrudisha. Siku moja tu, na arosto, maumivu ya kukosa dawa, ilishamkalia mgongoni: mifupa kuuma, jasho, mwayo juu ya mwayo.

Langoni, mlinzi alimkabili na karatasi ya maswali.

"Kaka, una mafua?"

"Sina. Ni arosto."

"Arosto haimo humu. Mafua yamo. Chafya imo. Kutetemeka kumo." Akapiga alama tatu kwa mpigo, kama mwalimu anayefurahia kukosesha. "Mwenye dalili haingii. Kapimwe kwanza, majibu siku tatu."

"Nikikosa siku tatu nafutwa kwenye orodha! Na dawa ya dalili hizi iko humo ndani!"

"Basi pona kwanza, ndipo uingie utibiwe."

Mlinzi mwenyewe alisikia alichokisema, akatazama pembeni.

Fundi aligeukia foleni. Watu aliowahi kulala nao jalala moja walirudi nyuma hatua mbili. "Mwanangu, usituletee balaa," mmoja akasema.

Ng'ambo ya barabara, muuzaji unga waliyemwita Daktari alikuwa juu ya kreti lake. "Fundi! Njoo huku, sisi hatupimi mtu joto!"

Foleni ilicheka. Fundi hakucheka, maana miguu yake ilikuwa imeshageuka.

Alimkumbuka dada yake, aliyemrudishia godoro la sebuleni kwa sharti moja: kikombe kila siku. Akajibwaga chini palepale. Si ushujaa; angebaki amesimama, angevuka kwa Daktari.

"Sitoki! Nesiii!"

Nesi alitoka, barakoa hadi machoni. "Nani ananiita kama mbuzi aliyepotea?" Akamwona, akaiona pua, asihitaji karatasi. Alirudi ndani, akaja na kikombe, akakipitisha kwenye nondo za geti.

"Sista, utaratibu..." mlinzi akaanza.

"Utaratibu umeandikwa na mtu asiyeijua arosto."

Fundi alikipokea, akanywa. Nesi akarudi nyuma asirukiwe na mate, maana mnywaji sharti aseme neno, ijulikane amemeza, hakuificha dawa shavuni ili akaiuze.

"Haya, sema."

"Barabara ikifungwa tena kesho, je? Nipe na ya kesho, niende nayo nyumbani."

"Hairuhusiwi," walijibu kwa pamoja nesi na mlinzi, wakipatana kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Hasira ilimpanda Fundi, akaimeza nayo. Kama barabara lazima ifungwe, basi imfungie upande huu. Jamaa yake alikuwa na karakana mtaa wa pili; angelala huko. Akampigia dada yake.

"Dada, leo sirudi nyumbani."

Maneno hayo dada yake aliyajua, aliyasikia miaka minne mfululizo ya unga.

"Umeanza tena, eh?"

"Hapana, dada, barabara..."

"Barabara! Zamani ilikuwa mvua, leo barabara. Godoro nalitoa nje."

Fundi aliinua simu juu, akainyoosha kuelekea langoni.

"Mlinzi! Mwambie nimekunywa! Wewe mwenyewe umeona, mwambie!"