Simu ya Saa Sita Mchana

Iliita mara nne. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukatia, mara nikasikia sauti ya msichana, kinywa kimejaa chakula: "Haloo, kliniki ya macho, Pell Fork, nikusaidie nini?"

Hakutakiwa kupokea. Saa sita na dakika kumi na saba mchana, pale hapakutakiwa kuwa na mtu.

Denise, jirani yangu wa meza, alinikodolea macho. Kwenye kompyuta yangu kulikuwa na ombi linasubiri: sindano za macho, yote mawili, lakini kwanza daktari wa mgonjwa azungumze na daktari wa bima ndipo kibali kitoke. Kazi yangu ilikuwa kumpata huyo daktari kwa simu na kumuunganisha na wetu. Nikimkosa mara tatu kwa siku, naandika "hawakupokea", ombi linafungwa, mgonjwa anaanza upya, wiki sita nyingine. Nilishamkosa mara mbili. Nikabana pua.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya bibi kizee, "niletee piza kubwa. Uyoga usiweke, unanijaza gesi."

"Mama, hapa ni kliniki."

"Basi weka uyoga nusu."

Denise alijifunika uso kwa sweta, mabega yanaruka. Yule msichana naye alicheka, tena kicheko kizuri, halafu akanitajia namba ya duka la piza, tarakimu moja moja, akauliza kama nimeshaandika. Nikamshukuru. Nikakata simu, nikaandika: hawakupokea, mara ya tatu.

Ujanja wa saa sita niliuleta mimi. Ofisi ilikuwa Lexington, na wenzangu walikuwa watoto wa mjini. Hawakujua kwamba kule kwetu milimani, mashariki mwa Kentucky, saa sita ikigonga simu zinaachiwa mashine, na daktari, karani na mfagiaji wanakaa meza moja kula maharage na mkate wa mahindi mpaka saa saba. Ni heshima. Huwezi kula chakula alichopika mwenzako huku unaongea na simu. Mimi nimekulia hapo, nimekula kwenye meza hizo. Basi nikawafundisha: ukitaka kufunga maombi ya milimani, piga mara tatu kati ya saa sita na saa saba, utaongea na mashine tu. Timu yetu ikaongoza kwa kufunga maombi miezi minne mfululizo. Brent, meneja wetu, akawa ananiita profesa. Mimi, niliyeacha chuo cha uuguzi mwaka wa tatu! Nilicheka, lakini jina lilinikolea.

Na hicho chuo ndicho kinachoninyima pa kujificha. Denise anaweza kusema hakujua. Mimi nilikaa darasani, nikachora jicho kwa penseli za rangi, nikapata alama nzuri. Nilijua kwamba damu ikianza kuvuja nyuma ya jicho haingoji wiki sita. Jina la mgonjwa lilikuwa ukurasa wa pili. Sikuufungua.

Ukurasa wa pili nilikuja kusomewa na mama, Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, kwenye simu.

"Curtis, si uko huko kwenye bima? Hebu msaidie Bi Verna."

"Bi Verna yupi?"

"Wewe naye! Verna Sizemore, dereva wa basi la shule, aliyekubeba miaka yote ile. Eti bima walipiga kliniki mara tatu, hawakukuta mtu. Sasa hivi haoni uso wa mtu, anaona pembeni tu. Na basi lenyewe wameshamnyang'anya."

Huyo Bi Verna niliwahi kumwekea chura kwenye sanduku lake la dawa, nikiwa na miaka tisa. Alilifungua mbele ya watoto wote, akamtazama chura, akamfunga bendeji mguuni, akamkalisha kiti cha mbele. "Curtis Ratliff," akaniambia, "mgonjwa wako huyu. Leo unakaa naye." Basi zima lilicheka mpaka shuleni, na mimi nikacheka kuliko wote.

Nilimpigia Denise, akalifungua ombi upya. Kesho yake kibali kikatoka. Siku moja tu, yaani. Daktari alimchoma sindano, akamwambia kilichobaki kitalindwa, kilichokwenda kimekwenda.

Mwezi wa kwanza niliacha kazi, nikarudi Pell Fork. Mama nilimwambia nimeuchoka mji. Nikawa namwendesha Bi Verna kliniki kila mwezi, namsomea barua, namwoshea vyombo. Watu wakawa wananipigapiga mgongoni dukani. "Huyu ndiye aliyempatia Verna kibali," wanasema.

Yule msichana wa simu anaitwa Tamra Combs. Alikuwa na wiki mbili tu kazini, hakuna aliyemwambia kwamba saa sita simu haipokewi. Barua ya bima ilipofika, daktari alimuuliza. Akaapa kwamba tangu saa sita na robo alikuwa amekaa na simu ubavuni, aliyepiga ni bibi mmoja tu, anataka piza. Nani angeamini? Walimfukuza. Vijana wa kituo cha mafuta wakimwona anapita wanapaza sauti: "Tamra! Uyoga tuweke au tuache?"

Na Bi Verna, ambaye sijawahi kumsikia akimsema mtu vibaya, alisema jikoni kwake, "Alikuwa anakula, Curtis. Mimi macho yanazimika, yeye anakula."

Nilikuwa naosha sahani. Niliisugua ile moja muda mrefu.

"Bi Verna," nikaanza.

"Usimtetee. Wewe una moyo laini, hujui watu walivyo."

Nikaisuuza sahani, nikaipanga.

Jumapili moja ya baridi, kanisani, wimbo wa kwanza ulipokwisha, mchungaji akasema kama kawaida, "Haya, inukeni mshikane mikono." Kwetu hilo si jambo la dakika moja. Watu wanazunguka, wanakumbatiana, wanaulizana habari za ng'ombe. Mimi nilimshika Bi Verna kiwiko, nikampitisha benchi kwa benchi, namnong'oneza majina: huyu Harlan, huyu dada yake Opal.

Tamra alikuwa benchi la mwisho, peke yake, ndani ya koti la kijivu. Alipotuona tunakuja akasimama, akanyoosha mkono. Midomo ilikuwa tayari inatafuta pa kuanzia. Nikajua atakachosema. Ataeleza ile simu tangu mwanzo, na safari hii Bi Verna atasikiliza, maana tangu macho yapotee anasikiliza kila kitu. Atauliza huyo bibi alikuwa na sauti gani. Na sauti ile ya kubana pua niliianzia kwenye basi lake, darasa la tatu, nikiwachekesha wenzangu asubuhi na jioni.

Bi Verna akasimama. Akageuza kichwa pembeni, kama ndege, ili aone kwa ile kona iliyobaki.

"Pale mwisho kuna mtu, Curtis?"

Tamra alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Makoti tu, Bi Verna," nikasema. "Wameyarundika."

Mkono wa Tamra ulibaki hewani kidogo, halafu akaushusha, akakaa.

"Haya," Bi Verna akasema, akanipapasa mkono. "Twende basi, mwanangu. Nishike vizuri, hapo mbele kuna ngazi."