Baiskeli ya Lami na Mchanga

...au hii ya matairi manene, Ambroise anaendelea, na mimi nimeshapoteza mwanzo wa maneno yake, nimesikia springi, nimesikia vitesse ishirini na moja, yaani gia, nimesikia Ubelgiji, maana baiskeli zake zote anasema zimetoka Ubelgiji, amezipanga mbele ya duka kando ya barabara, zote zinatazama upande mmoja, na mimi nimesimama katikati yao na mkoba kwapani, mama wa miaka hamsini na minne, mkunga, ninayechagua baiskeli saa nne asubuhi katikati ya Likasi, na wapitao wanageuza shingo, hata mwanamke anayepanga mikate ng'ambo ya barabara, waache wageuze, Jumatatu naanza kazi kwenye kituo cha afya kilicho mbele ya Kapolowe, na kule nusu ya njia ni lami na nusu ni vijia vinavyopita ndani ya mahindi na mihogo, na pikipiki mimi sipandi, nimepokea wajawazito wengi mno walioanguka nazo... "Mama Marceline, uko unanisikia?" Nakusikia, namwambia, endelea, na Ambroise, mtu mzima mwenye kipara na mikono myeusi ya mafuta, anaonyesha ile ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, "hii ku goudron, ku lami, inakimbia mbio mubaya, lakini haina yako, mama, haikufai, pine yake, hii tairi, ni nyembamba, mu muchanga itazama," na anainua mabega, amemaliza, hajui amesema nini.

Mu muchanga itazama... Papa angecheka na hizi springi, papa Fidèle, baba yangu, ambaye baiskeli kwake ilikuwa moja tu duniani, nyeusi, ndefu, yenye taa ya dinamo na kengele iliyosikika kabla yeye hajatokea kwenye kona, akitoka kazini kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, nyusi nyeupe, kope nyeupe, mvi za jioni, mama alikuwa anaziita, maana asubuhi alikuwa anaondoka kijana na jioni anarudi mzee, kisha anaoga na ujana unarudi, na Jumamosi anaigeuza baiskeli juu chini uani, anafuta mnyororo kwa kitambaa chenye petroli, na mimi nazungusha pedali kwa mkono ili gurudumu lizunguke, lizunguke mpaka vyuma vyake vionekane kama moshi, na Jumapili tunakwenda misa watu watatu juu yake, mimi mbele kwenye bomba, mama nyuma kwenye porte-bagages, kile chuma cha mizigo, amekaa upande, miguu pamoja, viatu vya kanisani mkononi ili visipate vumbi, na papa ananipumulia kisogoni, "Marceline, kamata muzuri," kana kwamba kuna siku niliwahi kuachia... nilijua kila shimo la barabara ile kwa mwili, nilijua pale tutakapoinuka na pale mama atakaposema "polepole, Papa Marceline, mimi si mufuko ya simenti," na papa atajibu kwamba mfuko wa simenti hausemi sana.

"Pima hii," anasema Ambroise, ameitoa moja kutoka mstari wa nyuma, ya rangi ya kijani iliyokolea, ananikabidhi usukani, umenyooka, wa mpira, na anaeleza, "hii ni ya katikati, haina ya mbio, haina ya milima, angalia pine, katikati ni laini juu ya goudron, pembeni iko na meno kidogo juu ya pori, mbele haina springi, kwa hiyo ni nyepesi, inua uone," nainua, kweli ni nyepesi, nyepesi kuliko mtoto wa shule, na nashangaa kwamba siku zote hizi kulikuwa na kitu kama hiki, kwamba mahali fulani watu walikaa wakafikiria mtu anayetoka kwenye lami akaingia mchangani, na hakuna aliyekifikisha kwetu mwaka ule, mimi nilikuwa na miaka kumi, likizo, tulikuwa kwa nyanya upande wa Kapolowe, mama ana mimba ya miezi minane, na asubuhi moja papa akamkalisha nyuma, akamkunjia kitenge kiwe mto, akasema tunakwenda misioni kwa masista wakunga, na mimi nilikimbia pembeni kwa sababu bomba la mbele lilikuwa limefungwa kifurushi cha nguo za mtoto, nilikimbia bila viatu kwenye lami ya baridi, nikifurahi, naapa nilikuwa na furaha, mama alikuwa anaimba, alikuwa ananitania, "kimbia, mutoto wangu, nani atafika wa kwanza," na tulipofika pale njia inapogawanyika mimi ndiye niliyesema, mimi, hakuna mwingine, nilisema papa tupite huku, huku ni karibu, maana nilikuwa nimepita pale jana yake na watoto wa shangazi tukienda mtoni, na papa alisimama, mguu mmoja chini, akaangalia lami, akaangalia kijia, akamwangalia mama, akasema, "Ndiyo, tupite pale."

Na mchanga ukaanza. Gurudumu la mbele likazama hadi kwenye spoki, papa akashuka akasukuma, nami nikasukuma kutoka nyuma, mikono yangu pande mbili za mama, tukasukuma mpaka baiskeli ikakataa kabisa, na mama akasema "nishusheni," kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefika kwake, na mwanamke aliyekuwa anatoka shamba na beseni la mihogo kichwani akalitua beseni, akapiga magoti, na Carine akazaliwa palepale, mzima, analia, na mama hakufika misioni. Miaka arobaini na minne. Papa hakuwahi kumwambia mtu nani alichagua njia, wala nyanya, wala shangazi zangu waliokaa matanga wakiulizana kwa nini hakushika lami, "hii Fidèle, alikuwa na haraka gani," walisema mbele yangu, na yeye aliinamisha kichwa akanywa chai yake, na mimi nilimeza, nikameza miaka yote, nikasomea ukunga, nikapokea watoto ambao sasa wana watoto wao, na papa akafa, miaka kumi na moja sasa, na kila Carine anaponipigia simu kutoka Kolwezi siku yake ya kuzaliwa na kuuliza, yaya, dada yangu, niambie tena nilizaliwa vipi, namwambia ulizaliwa safarini, basi, nabadilisha maneno, namuuliza watoto wake wamekula nini.

"Kalia, mama, usiogope, mimi nakamata," na anaikamata kutoka nyuma, mkono mmoja chini ya kiti, na mimi nakusanya sketi, napitisha mguu, na kiti kiko juu kidogo, atakishusha, anasema, haina shida, na naangalia nyuma kuona kama mkono wake uko kweli, na hapo nakiona kile chuma cha nyuma, kitupu, na jua juu yake... kitenge. Kitenge kile alichokunjiwa mama kiwe mto, kilikuwa cha njano, cha ndege wa njano, na kila nilipoachwa nyuma kidogo nilikuwa naangalia ndege wale, na mmoja alikuwa mwekundu, nilidhani ni mwekundu, nikahesabu wawili, watatu, nikafikiri ni wazuri zaidi hivyo, na hapo tulikuwa bado kwenye lami, hatujafika njia panda, mama anaimba, hana uchungu, hata mkono hajaweka kiunoni, miezi minane, damu safi, nyekundu, bila maumivu... Ee Mungu. Mara ngapi? Mara ngapi mwanamke ameingia wodini kwangu anatembea mwenyewe, anacheka, anasema mkunga nimeona damu kidogo tu siumwi popote, na mimi ndiye ninayeacha kucheka, kwa sababu najua kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa uzazi, nawafundisha wanafunzi wangu hivyo, damu nyekundu bila uchungu msingoje, kimbieni naye chumba cha upasuaji, wanafunzi wa miaka yote hiyo, na mama yangu mwenyewe sijawahi kumpima, nilimwacha pale mchangani kama nilivyomwona na macho ya miaka kumi. Kwa lami ilikuwa ni kuzunguka kilima chote, saa nzima, zaidi, na yeye saa nzima hakuwa nayo, hakuwa nayo hata alipokuwa anaimba, hata kama lami ingefika hadi mlangoni kwa masista, hata kwa hii ya kijani, hata kwa gari, na papa alijua, si jina lake, si kondo, lakini aliona kitenge, alisimama mguu mmoja chini akaangalia nyuma kwenye kitenge, si kwenye uso wa mama, nilikosea, ni kitenge alichoangalia, kisha akachagua, yeye, njia fupi kwa sababu hakukuwa na muda tena, angechagua ile ile kama mimi ningekuwa nimelala kwa nyanya, na kwenye matanga hakuwa ananificha, maskini, hakujua hata kwamba nahitaji kufichwa, alidhani haraka ilikuwa yake, alidhani lawama yote ni yake, tulikuwa wawili kwenye meza moja, kila mmoja amekumbatia jambo hilo hilo, na hakuna aliyemwambia mwenzake leta nikusaidie...

"Mama? Unalia? Kiti kinakuumiza?" Hapana, namwambia, kiti ni kizuri. "Donc, basi, tufanye namna gani?" anauliza, mkono wake bado chini ya kiti, baiskeli bado haijasogea hata hatua moja, yule mwanamke wa mkate ng'ambo ya barabara bado anapanga mikate ile ile, na mimi miguu miwili chini, mikono kwenye usukani, nafikiri nitampigia Carine leo, si siku yake ya kuzaliwa, atashtuka, atauliza nani amekufa, nitamwambia hakuna, kaa chini, sikiliza, ulizaliwa asubuhi kama hii, karibu na mto, mama mmoja wa shamba alikupangusa kwa leso yake ya kichwani akakuweka kifuani kwa mama, na mama alikuwa macho, Carine, alikuona, alikushika sikio kwa vidole viwili akamwambia papa, "angalia, iko na masikio yako," na papa akasema ndiyo.