Upepo wa Kutoka Chini

...kumbe kipande cha kushoto si sawa na cha kulia, ndiyo maana hakikukaa, kimepinda kidogo tu kama ukingo wa sahani, na wifi yangu alikuwa anakilazimisha huku amebana skrubu mbili midomoni kama anavyobana pini akishona, "Shika hapohapo, usitikisike," ananiambia huku amefumba midomo, nami nimeshika, nimepiga goti kwenye saruji ya kibaraza mbele ya pikipiki yangu, vidole vya mkono mmoja juu ya kikinga upepo, vya mwingine chini yake, plastiki angavu, nyepesi, haina hata uzito wa kumchosha mtu, lakini inanilemea, kwa sababu sasa ni saa tatu na nusu na saa nne daktari wa meno anakuja kuitazama pikipiki hii aondoke nayo, na sijamwambia wifi... "Wewe, nakuuliza! Mpira unatangulia au unafuata?" Unatangulia, namwambia, mpira ndio uguse plastiki, chuma kikigusa itapasuka, na usikaze sana, naye anaguna, mimi nimefunga reli za mapazia nyumba ngapi, usinifundishe skrubu, anatema moja kiganjani, anaifuta kwenye gauni, anaitafutia tundu, na mimi najiambia sema sasa, sema kabla haijaingia, nayo inaingia. Angejua. Angejua kwamba nimekubali meza ofisini, mimi niliyekaa barabarani miaka kumi na tisa nikikagua mizani mji kwa mji, mawe ya kupimia kwenye sanduku la kulia, vitabu na nguo kwenye la kushoto, na wenye maduka wakisikia muungurumo kwenye kona wanakimbilia kubandua sumaku chini ya sahani ya mizani, mmoja aliimeza, nawaambia watu hivyo, sijui kama ni kweli ila hakuionyesha tena... "Kaka yangu alikuwa hata balbu habadilishi," wifi anasema, sijui ametokea wapi na hilo, yeye huongea kama cherehani, ukishika uzi katikati hujui ulianzia wapi, na kaka yake ndiye mume wangu, aliyekuwa mume wangu, alifunga begi akaenda kwa mwingine mwaka mmoja kabla ya uso wangu kuanguka. Uso ulianguka asubuhi ya Jumanne, nilikuwa napiga mswaki, maji yakatoka yenyewe upande wa kushoto, nikatazama kioo, nikajitabasamia kujaribu, nusu ya uso ikatabasamu na nusu ikanitazama kama karani aliyefunga dirisha, nikadhani ndiyo kufa huku, nikashika simu nikitaka kumpigia dada yangu, lakini dada yuko mbali na vidole vikampigia wifi, ambaye tangu kaka yake aondoke sikuwa na haki ya kumwita hivyo. Alikuja na ndara za ndani, futi imening'inia shingoni, akanishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga, nikamngoja alie kama watu wengine walivyokuja kulia baadaye, naye akasema, "Wifi, unafanana na kaka yangu anapodanganya," nikacheka, nusu mdomo, mate yakanimwagika kifuani, tukacheka mpaka tukakaa chini sakafuni pale bafuni, halafu ndipo akanivalisha viatu. Hospitali yule wa mapokezi akamwuliza, wewe nani wake, akasema wifi yake, na mimi kwa mdomo wangu uliopinda nikamvuta mkono, kaka yako si ameshaniacha, nikitaka kumpa nafasi aondoke kwa heshima, maana ndivyo nilivyofikiri wakati ule, kwamba watu wanangoja tu kupewa nafasi. "Aliyekuacha ni yeye," akasema, kwa sauti, foleni nzima ikasikia, "mimi sijamwacha mtu." ...Polepole, skrubu inaingia mshazari, rudisha nyuma kidogo, hivyo, hivyo. Mshipa wa uso umevimba, daktari alisema, utapona, ila jicho halifumbi na lisipofumba litakauka, basi wiki tisa wifi alikuja kila jioni akitoka kwenye mapazia yake, ananidondoshea dawa, anashusha kope kwa kidole gumba, anabandika plasta, na plasta ile aliikata kwa mkasi wake wa kitambaa, mkasi ambao mwanawe mwenyewe alichapwa kwa kuukatia karatasi, mkasi ambao hata kaka yake hakuthubutu kuugusa, nilikuwa naisikia sauti yake karibu na sikio, krr, nimefumbwa jicho moja na kwa lingine namwona anavyotoa ulimi akikata, kama anakata hariri. Na sikusema asante. Nimewashukuru watu wengi kwa urahisi, aliyenipisha mlangoni, aliyenionyesha njia, jirani aliyeleta machungwa, mkuu wetu aliyenipa ile meza, huyu sijamwambia hata mara moja, sisi ni watani, ningesema asante angeniuliza kama homa imenipanda kichwani, na zaidi ya hapo neno lenyewe nililiona dogo, nikaliweka, nikisubiri kubwa lake lipatikane... "Unalia au ni jicho?" Ni jicho, nasema. Uso ulirudi, karibu wote, nikicheka sana ndipo utaona, lakini jicho limebaki zito, na siku niliyopanda pikipiki kwa mara ya kwanza tangu nipone, miezi miwili iliyopita, nilifika tu pale lami inaponyooka, kioo cha mbele kinazuia upepo wa mbele vizuri kabisa, ila kuna upepo mwingine, ule unaopita chini kwenye uma wa gurudumu la mbele, unapanda nyuma ya kioo, unaingia chini ya kofia na kukupiga kidevuni hadi jichoni, zamani nilikuwa siujui, ulikuwa ukinifurahisha hata, siku ile jicho likafurika nikaona barabara mbili na malori mawili, nikachagua barabara moja na ikawa ndiyo, bahati tu, nikarudi nyumbani mwendo wa harusi nikijua nimekwisha. Jioni nikamwonyesha wifi kwa mkono, unatoka hapa, unapanda hivi, unaingia hapa, nikadhani namsimulia msiba, kumbe yeye alikuwa anachukua vipimo. Nilipolala alishuka na futi yake akaipima pikipiki kama anavyopima dirisha, akakata kielelezo kwa karatasi ya kaki, akaenda nacho duka la vipuri, vijana wakamcheka, akawaambia chekeni mkimaliza mniagizie, na jana usiku, sijui kama ni jana, ndiyo, jana, akaja na sanduku, akalitua mezani, "Pazia hilo. Pazia la upepo," na mimi nilikuwa nimeshaongea na daktari wa meno asubuhi ya siku hiyohiyo, miaka mitatu ananiambia kila tukikutana kituo cha mafuta, ukichoka niambie, nikamwambia nimechoka. Basi sasa hivi namsaidia mtu kufunga zawadi kwenye kitu ambacho nusu saa ijayo si changu, nimeshika kwa mikono miwili, nikisubiri ujasiri, na bisibisi inazunguka, na kila mzunguko unaniuma mimi, hapana, haiwezekani, huyu aliyeharibu mkasi wake... "Wifi," nasema. Mmh. "Daktari wa meno anakuja saa nne. Kuichukua hii." Bisibisi haisimami. "Najua," anasema. Unajua nini? "Si nampimia madirisha ya zahanati yake. Wiki nzima sasa. Jana akaniuliza, ile pikipiki inavuta vizuri? Nikamwambia inavuta, ila ina mwenyewe." Sasa kwa nini... kwa nini unafunga, kwa nini hukusema, na yeye anavuta pumzi kama mtu aliyeulizwa kwa nini dirisha linawekwa pazia, "Ukiuza, daktari naye ana macho. Usipouza, haya. Kunja kiwiko, unanizibia mwanga." Nakunja kiwiko. Natazama mkono wake, ule ule uliokuwa ukishusha kope yangu, na kitu kilichonikaza tangu jana kinalegea pole pole, kwa sababu nilikuwa nimelisoma lile sanduku vibaya, nililisoma kama amri, rudi barabarani la sivyo umenivunja moyo, nikawa namkimbia kwa kumwonea aibu, kumbe halikusema hivyo, halikusema kitu, lilikuwa plastiki mbili na mpira na skrubu nane kutoka kwa mtu asiyengoja nipate neno kubwa, na nikiangalia vizuri sasa, bila kusukumwa na yeyote, naitaka ile lami, naitaka asubuhi na mawe yananguruma kwenye sanduku, hata kama ni mpaka mji wa kwanza tu na kurudi, hata kama jicho litakataa tena, maana upepo nilioujaribu ni mmoja tu, si wote... "Asante, wifi," linanitoka hivyo hivyo dogo lilivyo, naye anasema asante ya nini hata hakijakaza, ila sikio limemwiva, nimeliona, na anachukua skrubu ya pili kutoka mdomoni na hapo uso wake unakunjamana, shavu la kulia, upesi tu, kisha anaufuta kama hakuna kitu, na ni mimi niliyesomea kutazama mizani ikidanganya, nawezaje kutoliona shavu hilo, limevimba, limevimba tangu lini, amekuwa akinywea maziwa upande mmoja mbele yangu wiki ngapi nikidhani ni madaha. Basi daktari atafika na safari yake haitakuwa bure, nitampa chai, nitamwomba radhi kuhusu pikipiki, halafu nitamkalisha huyu hapa kwenye kiti cha kibaraza, atake asitake, nitamshika kidevu mwenyewe. "Hilo jino," namwuliza, "limeanza lini?" Anatanguliza mpira, anaweka skrubu kwenye tundu, haniangalii. "Lilianza pamoja na jicho lako," anasema, na kuzungusha bisibisi robo tu, taratibu, kama nilivyomwelekeza.