Tangazo la Saa Saba

Tangu mwisho wa mwaka sitini na nne mpaka sabini na mbili, hapakuwa na mtu Unguja asiyeijua sauti ya Msabah Kificho. Alizaliwa Kikwajuni, baba yake fundi wa milango, na kabla ya redio alikuwa akisomesha skuli moja ya Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi walitafutwa watu wenye Kiswahili safi. Yeye alikuwa akiitamka dhahabu na thamani kila herufi pahala pake, akachukuliwa siku ile ile aliyojaribiwa. Ikifika taarifa ya habari ya jioni, wauza kahawa wakiwanyamazisha wateja wao. Sokoni kwa wauza samaki akiuliza tu kama changu ni wa leo, muuzaji hugeuka: "Ah! Si wewe wa redio?" Msabah alikuwa akicheka, akijitia haya, na furaha ile akirudi nayo mpaka nyumbani.

Shemsa binti Abdulla alikuja stesheni ya redio mwaka sitini na tisa, msichana wa Mtoni wa miaka ishirini na mbili. Msabah alimfundisha mwenyewe. Alimfundisha kuisoma karatasi yote kimya kimya kwanza, kutia alama ya penseli pale pa kuvuta pumzi, kuifunua karatasi isilie mbele ya kipaza sauti. Akimwita "mwanangu," na yeye akimwita "Maalim." Mwaka wa kwanza alimsifu kwa kila mtu. Mwaka wa pili akampunguzia sifa. Mwaka wa tatu yule muuza samaki alimfungia changu wake, akamuuliza, "Bi Shemsa anasoma leo?" Msabah akamjibu kwamba hajui, na alijua.

Hata nyumbani hakusalimika. Siku moja walikuwa wanakula, Shemsa anasoma redioni, na mkewe Mwanakheir akasema:

"Masikini msichana huyu, akisoma unahisi anazungumza na wewe peke yako."

Msabah aliacha kula. "Na mimi nikisoma?"

"Wewe unasoma vizuri, bwana."

"Sikukuuliza kama nnasoma vizuri."

Mwanakheir alimtazama, akamsogezea sahani ya mboga.

Mwaka wa sabini na mbili ikaenea habari kwamba Unguja itapata televisheni, tena ya rangi. Akaletwa Mwingereza mmoja kuwafundisha wasomaji, Bwana Whitcombe, mzee mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyesoma habari kwenye televisheni ya kwao kwa miaka kumi na minne. Wasomaji sita walikaa chumbani kumsikiliza. Shemsa ndiye aliyekuwa akitafsiri, maana Kiingereza chake kiliwapita wote, na hilo pia lilimchoma Msabah.

Mzee yule aliwahadithia maisha yake. Alianza redioni wakati wa vita, akisoma majina ya meli zilizozama. Ilipokuja televisheni waliitwa kujaribiwa yeye na rafiki yake, Arthur, aliyemfundisha kazi. Arthur alikuwa na sauti nzuri zaidi. Akachukuliwa yeye. Watu wakaanza kumsimamisha njiani, wanawake wakamwandikia barua, akawa hawezi kununua mkate bila ya kutazamwa.

"Na huyo Arthur ikawaje?" Msabah aliuliza.

Shemsa alitafsiri. Mwingereza akashughulika na kiko chake, kisha akajibu kwa maneno machache.

"Anasema hawakusemezana tena mpaka mwenzake alipokufa."

"Nani aliyemnunia mwenziwe?"

Shemsa akauliza. "Anasema hakumbuki vizuri."

Wengine walicheka. Msabah hakucheka. Jioni ile alisimama mbele ya kioo cha kabati na gazeti mkononi, akasoma ukurasa mzima, na Mwanakheir mlangoni anamtazama.

Siku ya kujaribiwa alivaa koti aliloshonesha kwa ajili hiyo. Alisoma dakika tano bila ya kosa hata moja. Lakini macho hayakutoka kwenye karatasi. Mara tatu Mwingereza alimwashiria kwa mkono anyanyue uso, na kila akiunyanyua alikutana na lile jicho jeusi la kamera, maneno yakamkimbia, akaurudisha chini. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Shemsa alikwama mara mbili. Alisoma, akanyanyua uso, akasoma tena, kama mtu anayewapa watu wa kwao habari za safari. Baada ya wiki mkuu wa habari, Bwana Mcha, aliwatangazia: Shemsa atakuwa msomaji wa kwanza wa televisheni. "Na wewe, Msabah," akamgeukia, "redio haiwezi kwenda bila yako."

Alimpa Shemsa mkono wa pongezi. Alisema, "Hongera, mwanangu." Alikwenda chooni akajifungia, akasimama humo muda mrefu bila ya haja yoyote.

Tokea siku ile hakuona kwa Shemsa ila kosa. Akicheka ukumbini na Whitcombe, Msabah akisema huyu hana adabu. Akinyamaza, akisema keshaanza kiburi. Alikuwa akimtegea sikio kutoka chumba cha pili, nakala ya taarifa ile ile mkononi, akingoja aparaganye jina la mtu, na asipokosea, siku ile humwendea Msabah vibaya mpaka jioni.

Jumatatu moja asubuhi alifika kijana mmoja na karatasi ya tangazo la kifo. Jina lake Mkubwa Ame, mtu wa Tumbatu, mchukuzi wa bandarini, anakaa Ng'ambo. Ami yake, Haji Shaame, alikuwa amefariki alfajiri huko huko Ng'ambo, na jamaa wote wako kisiwani. Macho yalikuwa mekundu na mwandiko umepinda, basi Msabah akamsomea mara mbili kuhakikisha: Mkubwa Ame anasikitika kutangaza kifo cha ami yake, Haji Shaame, maziko leo saa kumi. "Ndivyo?"

"Ndivyo, bwana."

"Pole sana. Mungu amrehemu." Akaipeleka karatasi kwa mpiga taipu.

Karibu na saa saba mchana Shemsa alimjia na matangazo yake. Ilikuwa kanuni ya pale: msomaji mkubwa huyapitia kwanza. Msabah aliyafunua moja moja, akafika kwenye lile. Mpiga taipu alikuwa ameyapindua majina. Karatasi ilisema Haji Shaame anasikitika kutangaza kifo cha Mkubwa Ame.

Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alimwona Shemsa ameinamia kioo kidogo, anaweka sawa mtandio. Baadaye alijiapia kwamba hakukusudia baya, alitaka tu watu wapige simu, walalamike, Bwana Mcha amkaripie mbele ya wenzake. Mtu aliyefiwa atachukizwa siku moja, kisha atasamehe. Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia upesi sana.

"Yako sawa," akasema, akamrudishia.

Shemsa aliingia, taa nyekundu ikawaka, akamtangaza Mkubwa Ame maiti kwa sauti ya huruma kama alivyofundishwa.

Huko Tumbatu mama yake Mkubwa, Bi Mwanapili, alikuwa akitwanga kwa jirani mwenye redio. Mkubwa alikuwa mwanawe wa pekee. Alitoka vile vile, kanga moja, akavuka na mashua mpaka Mkokotoni, akapata gari ya makumbi ya nazi iliyomfikisha mjini wakati wa magharibi, watu washarudi makaburini. Alipofika mlangoni Ng'ambo, aliyemfungulia alikuwa Mkubwa mwenyewe. Bi Mwanapili alimshika uso kwa mikono miwili, akataka kusema, mdomo ukamwenda upande, akaanguka kizingitini. Asubuhi madaktari walisema amepooza upande wa kulia.

Habari zilipofika stesheni, Bwana Mcha aliwaita Msabah na Shemsa.

"Nani aliyapitia matangazo?"

"Nilimpa Maalim," Shemsa alisema. "Akaniambia yako sawa."

Bwana Mcha akamtazama Msabah.

"Hakunipa," Msabah akasema. "Labda amechanganya na siku nyingine."

Shemsa aligeuka akamtazama. Hakupiga kelele wala hakulia. Alimtazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba yake na mgeni. Bwana Mcha alimjua Msabah miaka minane. Akamwambia Shemsa akae nyumbani mpaka aitwe, na habari ya televisheni aisahau kwa sasa. Nafasi yake akapewa Msabah.

Wiki mbili akakaa mbele ya kamera kila asubuhi kufanya mazoezi, na Whitcombe akimvumilia. Alijifunza kunyanyua uso. Alikipata alichokitaka, na bado akipita sokoni watu wanamuuliza, "Bi Shemsa kulikoni? Anaumwa?" Akawa anamwonea wivu hata kwa kutokuwepo kwake.

Ijumaa moja Mwanakheir alimwambia, "Yule mama wa Tumbatu yupo hospitali mpaka leo. Twende tukamkague. Si vizuri, nyinyi wa redio ndio mliomfikisha pale."

Hakuweza kukataa. Wodini walimkuta Bi Mwanapili ameegemezwa mto, na Shemsa ameketi ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji mkononi, anamlisha kwa kijiko na kumfuta kidevu. Muuguzi alisema msichana yule anakuja kila siku. Mkubwa Ame alikuwa amesimama dirishani. Alipomwona Msabah uso ukamchangamka, akamjia na kumpa mikono yote miwili.

"Shikamoo, bwana. Mama, huyu ndiye yule bwana niliyekwambia. Asubuhi ile aliyofariki ami, huyu ndiye aliyenipokea. Akanisomea karatasi mara mbili, jina la ami na jina langu, hata akanipa pole. Sijamsahau."

Kijiko kilisita njiani. Shemsa alimtazama Msabah, kisha akaendelea kumlisha mgonjwa, taratibu, kijiko baada ya kijiko. Mwanakheir alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na kapu la machungwa. Aliliweka chini, akamwombea mgonjwa dua, akaaga.

Walirudi Kikwajuni kwa miguu. Walipofunga mlango Mwanakheir akasema, "Mara mbili ulimsomea."

"Naam."

"Basi ulipopewa lile tangazo na Shemsa ulijua."

Msabah alikaa juu ya kitanda. "Nilijua."

"Na alikupa?"

"Alinipa."

Mwanakheir alilia kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Kesho utakwenda kwa Bwana Mcha. Usipokwenda wewe nnakwenda mimi."

Alikwenda. Alisema yote, na Shemsa ameitwa anasikia. Bwana Mcha alipandwa na hasira hata akashindwa kukaa. Msabah akatolewa kwenye usomaji, akapelekwa chumba cha kanda za sauti, kupanga na kuandika majina juu ya maboksi, na Shemsa akarudishiwa nafasi yake. Ukumbini alimfuata Shemsa.

"Mwanangu, nisamehe."

"Nitajaribu, Bwana Msabah," Shemsa alisema. "Lakini mwanangu usiniite tena. Na kwa Bi Mwanapili nenda mwenyewe ukamwambie. Mimi sitakusemea."

Alikwenda huko pia, mara moja. Bi Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza uso ukutani. Mkubwa alimtoa nje kwa adabu, akamwomba asirudi.

Televisheni ilipoanza, seti moja iliwekwa katika ukumbi wa mtaa, na Kikwajuni nzima ikahamia huko. Mwanakheir alikwenda na mashoga zake. Msabah alibaki nyumbani, na kwa mbali alizisikia shangwe uso wa Shemsa ulipotokea. Mkewe aliporudi alimwuliza:

"Alikuwaje?"

"Alipendeza. Nguo ya kijani."

"Hakukwama?"

"Hata pahala pamoja."

"Alhamdulillahi," Msabah akasema.

Mwanakheir alimtazama usoni, akaona neno lile halikutoka moyoni, na Msabah akaona kwamba mkewe ameona. Akaingia jikoni kumpakulia chakula.