Shimo Chini ya Sofa

Gari lilikuwa jekundu, dogo, la milango miwili, na mwenyewe, daktari wa meno, alitaka lishushwe. "Nataka lilambe lami," alimwambia fundi, kisha akaenda kukaa kwenye sofa. Fundi alipiga jeki upande wa mbele, akafungua magurudumu, akatoa shokapu pamoja na springi zake ndefu, akapachika zile fupi zilizokuja kwenye boksi. Nyuma akafanya vivyo hivyo. Kufikia wakati wa chai gari lilikuwa limerudi juu ya matairi yake, limejikunyata kama paka anayevizia.

Ilibaki kazi moja. Boliti za ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu, zinazopita katikati ya bushi za mpira, hazikazwi gari likiwa hewani. Ukizikaza gari likiwa hewani, siku litakaposhuka mpira unajipinda, na haupiti muda unapasuka. Sharti gari likae kwa uzito wake wote, kisha mtu aende chini yake na spana. Ndiyo sababu gereji huwa na shimo: gari linasimama juu, fundi anashuka ndani, anakaza akiwa wima kama binadamu.

Gereji hii nayo ilikuwa na shimo. Bosi alilifukia, akapanga vigae juu yake, akaweka sofa, jokofu la soda na televisheni, wateja wasije wakasubiri juani. Zile mbao nene za kupandishia matairi alizigeuza rafu ya magazeti.

"Bosi, hapa chini panaingia vidole vinne tu," fundi alisema.

"Kwani wewe ulitaka vitano?" Bosi alijibu, na mafundi wengine wakacheka. "Jibane, bwana. Mteja anasubiri."

Fundi alitoa pumzi. Akatoa na ile nyingine inayobaki chini kabisa, ambayo mtu huiweka akiba ya kupandia ngazi. Akalala chali, akaingia. Boliti zikasikika zikikazwa, moja baada ya nyingine. Alipotokea upande wa pili alikuwa na unene wa kamusi. Akafuta mikono, akauliza gari linalofuata ni lipi. Daktari wa meno aliondoka akiunguruma, akasema kazi ni safi.

Jioni mke wa fundi hakuuliza kitu. Wanaume wa kazi ngumu hurudi nyumbani wamepungua, hilo alilijua tangu kwa baba yake. Alimpakulia chakula, lakini tonge lilionekana likishuka kama uvimbe unaotembea chini ya zulia, na baada ya matonge machache hakukuwa na pa kuyaweka mengine. Binti yao alipanda mapajani mwa babake kama kawaida yake, akateleza hadi sakafuni.

"Mwambie Bosi afukue shimo," mkewe alisema.

"Nitamwambia."

Alimwambia. Bosi akasema atalifikiria. Lakini sifa zilikuwa zimeshaenea, na wenye vigari vya mbio walikuja foleni, kila mmoja akitaka lake liwe chini kuliko la mwenzake. Likaja gari la vidole vitatu, likaja la viwili. Fundi aliingia chini ya yote. Nyumbani ikabidi feni izimwe anapolala, au shuka iwekewe viatu pembeni.

Mamake fundi alikuwa amekuja kuwatembelea. Alikuwa ameketi jikoni akichambua mchele pale mjukuu wake alipomjia mbio.

"Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Anapita chini ya mlango bila kupiga hodi."

"Upepo."

"Siyo."

"Maji. Sisimizi."

"Siyo! Nipe mji."

"Haya, chukua mji wowote uupendao."

"Baba."

Bibi hakucheka. Alijua vitendawili vingi kuliko mtu yeyote mtaani, na hakuna hata kimoja ambacho jibu lake lilikuwa mwanawe.

Asubuhi alimkunja mwanawe kama mkeka, akamtia kwapani, akashika njia ya gereji. Fundi alimnong'oneza amshushe getini, maana mtu mzima kubebwa na mamake mbele ya wenzake ni aibu.

"Nyamaza," mama alisema. "Nilishakubeba ukiwa mzito kuliko hivi."

Bosi alimpokea kwa adabu. "Shikamoo, mama. Karibu kwenye sofa, hapa kuna hewa."

"Marahaba. Sikai juu ya shimo la mwanangu." Akamkunjua fundi mezani, kati ya kikombe cha chai na simu. "Nilikukabidhi mtu. Tazama unachonirudishia."

Bosi alimtazama fundi kwa makini, akanyoosha kipande cha sikio kilichokuwa kimejikunja. "Mama, huyu ndiye fundi wangu bora. Mji mzima hakuna kama yeye. Sasa nikifukua shimo, sofa niiweke wapi?"

"Jitwike kichwani."

Mafundi waligeuza nyuso, wakajifanya wanatafuta spana.

"Wateja wanapenda kukaa, mama."

"Na mwanangu hapendi kupumua?"

Bosi akamgeukia fundi. "Sema mwenyewe, ndugu yangu. Una tatizo lolote?"

Fundi alifungua mdomo. Sauti huhitaji kifua, na kifua hakikuwepo. Kilichotoka kilikuwa kama karatasi inayochanika chumba cha pili.

"Amesema shimo," mama alisema.

"Mimi sijasikia kitu," Bosi alisema, na ni kweli hakusikia. "Unaona, mama? Mwenyewe halalamiki."

Wiki iyo hiyo Bosi aligongomea misumari ukutani ya kuwatundikia mafundi wakati wa mapumziko, kwa kuwa wawili wengine nao walikuwa wameshaanza kuingia chini ya magari. Benchi lao alilihamishia kwa wateja. Watu wembamba hawana haja ya kukaa. Gereji ya jirani ikafukia shimo lake na kununua sofa kubwa zaidi.

Sasa jioni wanawake husimama getini kusubiri watu wao. Mamake fundi huwa wa kwanza. Kila siku huingia, humuuliza Bosi, "Shimo je?" na Bosi hujibu, "Tunalifikiria, mama," huku akimfungulia mteja soda. Kisha mama hunyanyua mkono, akamwangua mwanawe kutoka kwenye msumari.

Juzi alikuja mke wa fundi mpya, bado mgeni wa kazi hiyo ya kubeba mume. Alikuwa amemshika mumewe kwa ncha mbili, hajui aanzie wapi.

"Bibi, wanajaa tena kama zamani hawa?"

"Wangu bado," mamake fundi alisema. "Mlaze hapa kwanza. Taratibu, mwanangu. Mkunje upande wa moyo uwe ndani."