Ubao Uliotangulia Jua

"Msile!" Qamar alipaza sauti. "Jua bado!"

Mikono iliyoshika tende ilisimama njiani. Katika ua wa msikiti mdogo wa mtaa wa Mbotela, saa ya vipindi vya sala iliwaka taa ya kijani ukutani, kuarifu kuwa Magharibi imeingia. Lakini juu ya matangi ya maji ya ghorofa ya jirani, mwanga wa jua ulikuwa bado umetanda.

Saa ile ilikuwa kazi ya mikono ya Qamar. Aliiunda kwa kompyuta ndogo ya ubao mmoja, isiyozidi kiganja, akaitoa sadaka. Ila yake ilikuwa moja: umeme ukikatika, ilisahau wakati. Watengenezaji wa ubao huo waliahidi programu ya kuiponya, wakaahidi tena, miaka ikapita. Adhuhuri ya siku hiyo programu ikatoka. Qamar, kwa furaha, aliipachika papo hapo bila kuijaribu. Nayo ikaja na ila mpya, dakika zikawa zinakimbia.

"Dada Qamar," alisema Dishon, jirani Mkristo aliyewaletea uji kila jioni ya Ramadhani, "saa yako imefunga saumu ya watoto, nusu siku!"

Watu wakacheka. Mama Yurub hakucheka. Alifumbua kiganja, ndani mlikuwa na kokwa ya tende.

"Mimi nimeshameza, mwanangu."

"Nisamehe, mama."

"Siku nitailipa baada ya Idi. Lakini mimi sijui kusoma, na simu sina. Taa ile ndiyo saa yangu. Kesho nitatazama nini?"

Imamu alimwachia Qamar jibu. Qamar alifungua ukurasa wa watengenezaji kwenye simu. Wengine walikwisha kulalamika, na jibu lilikuwa fupi.

"Wanasema programu hiyo ndiyo ya mwisho, ubao huu hawauhudumii tena. Ninunue mpya."

"Na huo mpya," aliuliza Mama Yurub, "umeahidiwa nini?"

Qamar alipanda kigoda, akachomoa waya. Kijani kikazimika.

Jioni ya pili alifika mapema, akaketi mkekani ubavuni mwa Mama Yurub, nyuso zao zikielekea matangi. Tende ilikuwa kiganjani mwa mama, na kiganja cha Qamar kikaifunika. Mwanga ulipanda taratibu, ukaacha tangi la kwanza, ukaacha la pili. Juu ya mfuniko wa la mwisho ukabaki ukingo mwembamba wa mwanga, na Qamar alikuwa bado hajauinua mkono wake.